Mtaalamu wa Viungo Akihitimu Moshi, Mollo Inapata Nini?

Msikilizaji, kila mwaka vyuo vyetu vikuu husoma taarifa za mafanikio. Idadi ya wahitimu imepanda, jengo limekamilika, mtaala umeboreshwa, wageni wametutembelea kutoka ng'ambo. Makofi yanapigwa na picha zinapigwa. Wiki hii naomba tuitazame taarifa ya namna hiyo ya idara ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, lakini tuitazame tukiwa tumesimama Mollo, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, mahali ambapo wengi wenu mmepasikia kwa sababu ya gereza lake tu.

Kwanza tutende haki. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971, na mji huo ndio uliokuja kuwa kitovu cha mafunzo ya fani hii nchini. Mwaka 1981 kikaanzishwa hapo hapo chuo cha TATCOT, kwa ushirikiano wa Serikali yetu na Wajerumani, kufundisha mafundi wa miguu ya bandia na vifaa vya kushikiza viungo. Vijana wa nchi nyingine za Afrika wakaja kusoma kwetu. Kwa miaka mingi mtaalamu wa viungo aliishia stashahada; leo shahada inatolewa Moshi na Muhimbili pia. Hatua hiyo si ndogo hata kidogo.

Sasa kazi yenyewe ni ipi? Wapo wanaodhani ni kuchua tu. Nao hawakukosa sana, maana chama cha kwanza cha Uingereza, mwaka 1894, kilianzishwa na wauguzi wanne waliokuwa wachuaji. Lakini vita na ugonjwa wa polio viliipanua fani hiyo. Leo mtaalamu huyu humfundisha mgonjwa wa kiharusi kukaa, kusimama na kushika kijiko upya. Mgonjwa huyo akiachwa mkekani miezi miwili, misuli hukakamaa na viungo hujikunja, na kilichokuwa kinawezekana mwanzoni kinakuwa kigumu mara tatu. Watu wa mjini wakisikia Sumbawanga huwaza radi na uchawi. Jina lenyewe hufasiriwa "tupa uchawi". Lakini hata Dar es Salaam mtu akiamka mkono umepooza, wapo watakaosema ni jini, wakamzungusha kwa waganga huku siku zinakwenda.

Mfano ulio wazi zaidi ni mtoto anayezaliwa na mguu kifundo, nyayo zimepinda kuelekea ndani. Hutokea kwa takriban mtoto mmoja kati ya 1,000. Zamani dawa ilikuwa upasuaji mkubwa. Daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, hadi alipofariki mwaka 2009, alionyesha njia nyingine. Mguu wa kichanga hunyooshwa taratibu kwa mikono, ukafungwa plasta ngumu, na wiki inayofuata plasta hubadilishwa. Baada ya plasta tano au sita, wengi hukatwa kidogo tu kano ya kisigino. Kazi kubwa hufanywa kwa vidole vya mtu aliyefundishwa, wala haihitaji mashine.

Hapo ndipo pagumu panapoanza. Mguu ukishanyooka, mtoto huvalishwa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, karibu saa zote kwa miezi mitatu, kisha usiku tu hadi afikie umri wa miaka minne hivi. Mtoto analia. Bibi anasema muacheni, mbona mguu umeshapona? Mama anaviweka viatu chini ya kitanda, na mguu unarudi ulikotoka. Anayeweza kuzuia hilo ni mtu aliye karibu, anayemjua mama huyo na kumwona mara kwa mara.

Kutoka Sumbawanga hadi Mbeya ni zaidi ya kilometa 300, na hadi Moshi ni zaidi ya 1,000. Plasta za kila wiki, kwa nauli hiyo, ni ndoto kwa mkulima wa mahindi na maharage. Na mtoto asiyetibiwa hukua akikanyagia upande wa juu wa wayo. Ufipa ni nchi ya kulima kwa maksai. Nani atamkabidhi plau?

Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia Mkoa wa Rukwa watu 1,540,519. Kwa hiyo mimi ningeomba taarifa za idara hizi ziongezewe safu moja: wahitimu wa miaka mitano iliyopita wako wilaya gani leo, na wangapi bado wanatafuta kazi. Chuo kitasema ajira si yake, ni ya Serikali. Ni kweli. Lakini mafunzo kwa vitendo ni yake. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakipelekwa Sumbawanga kwa miezi kadhaa pamoja na mwalimu wao, kliniki ya plasta itakuwa na mikono, na waliojifungulia Mollo wiki hiyo watajua pa kwenda wiki ijayo.