Mchango, mkopo au ruzuku: kikundi cha afya ya akili kichukue pesa zipi?

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu huduma za afya ya akili zinazojali haki za watu. Katika mifano michache ya vikundi vya kusaidiana iliyochaguliwa, mmoja ulitoka Nairobi: kikundi cha Nairobi Mind Empowerment, kilicho chini ya USP Kenya, chama kinachoongozwa na watu wenyewe waliopitia maradhi ya akili. Hapo hakuna daktari anayeongoza kikao. Watu hukutana, husikilizana, na husaidiana kufanya maamuzi ambayo kwingine hufanywa na ndugu au wauguzi bila wenyewe kuulizwa.

Vikundi vya namna hii vipo vingi, Kenya na Tanzania, na vingine havijawahi hata kujipa jina. Karibu kila kimoja hufika siku ambayo mweka hazina husema sanduku halina kitu, na mjumbe mmoja hujibu kwamba amesikia kuna mfadhili anatoa ruzuku ndogo. Kabla ya kumkimbilia mfadhili huyo, inafaa kukaa chini na kupiga hesabu.

Tuchukue kikundi cha watu 15 mtaani Nairobi, kinachokutana mara mbili kwa mwezi. Haya ni makadirio yangu; kila kikundi kiweke bei za kwake. Nauli ya kwenda na kurudi tuiweke shilingi 100 kwa mtu: hiyo ni 3,000 kwa mwezi. Chai na mandazi, shilingi 50 kwa mtu, ni 1,500. Chumba, kama kanisa au msikiti haukitoi bure, 500 kwa kikao, jumla 1,000. Muda wa maongezi wa kuwapigia waliokosa kufika, 500. Yote ni 6,000 kwa mwezi, au 72,000 kwa mwaka, na kwa kila mjumbe ni shilingi 400 kwa mwezi.

Nusu ya pesa hizo ni nauli. Mwenye kibanda chake anaweza kujilipia bila kusita, lakini aliyetoka hospitali mwezi uliopita na kukuta kazi yake imepewa mtu mwingine hawezi, naye ndiye anayekihitaji kikundi kuliko wote. Kwa hiyo ninapolinganisha vyanzo vya pesa hapa chini, swali langu la kwanza kwa kila kimoja ni kama kitamfikisha mtu huyu kikaoni.

Mchango wa wanakikundi ndio chanzo cha bei nafuu kuliko vyote. Kutuma shilingi 100 au pungufu kwa M-Pesa hakuna ada, kwa hiyo mjumbe anayechangia mia kila kikao hapotezi hata senti njiani. Watu 15 kwa vikao viwili wanakusanya 3,000: chai imelipwa, chumba kimelipwa, simu zimelipwa. Nauli peke yake ndiyo inayobaki mfukoni mwa kila mtu. Alcoholics Anonymous, chama kilichoanza Marekani mwaka 1935 na ambacho mikutano yake ipo Nairobi pia, kimeishi hivi tangu zamani. Moja ya mila zake ni kwamba kila kikundi kijitegemee na kikatae michango ya watu wa nje. Hakuna anayedai ripoti wala anayekuja na kamera, na hakuna mwaka ambao kikundi kitafungwa kwa sababu ofisi fulani ng'ambo imebadili sera. Upungufu wake nimeshautaja: asiye na nauli hubaki nyumbani, na aibu ya kutokuwa na mia ya kutoa humfanya asipokee hata simu.

Mikopo ya serikali inasifiwa sana na maofisa wa maendeleo ya jamii, na kwa hesabu za karatasini ni rahisi kweli. Mfuko wa Uwezo wa Kenya hukopesha vikundi vya vijana na wanawake kuanzia shilingi 50,000 bila riba, kwa ada ya asilimia 3. Ada ya 50,000 ni 1,500 tu. Mfuko wa wanawake nao hukopesha vikundi, kwa masharti yake. Tanzania kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, nayo haina riba. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ikarejeshwa 2024.

Hata hivyo, sipendekezi kikundi cha kusaidiana kikope kwa jina lake. Katika mkopo wa kikundi wajumbe hudhaminiana: mmoja akishindwa, wenzake wanalipa. Katika kikundi hiki inajulikana mapema kwamba kushindwa kutatokea. Kuna mwezi mtu atarudi wodini, kuna majuma ambayo hataweza kuamka kitandani, na rejesho halingoji. Siku hiyo wenzake, ambao wangepaswa kuwa wa kwanza kumtembelea, watakuwa wadai wake. Wanaotaka biashara ya kuku au sabuni waunde kikundi kingine, chenye daftari lake na siku yake, hata kama nusu ya majina ni yaleyale.

Sasa tuje kwenye ruzuku, kwa sababu hapo ndipo bei iliyofichika ni kubwa kuliko inayoonekana.

Tuseme mfadhili ametoa shilingi 100,000 kwa mwaka. Inaonekana imetosha na kubaki. Lakini fomu itadai cheti cha usajili. Kwa Kenya hicho hupatikana chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, inayotaka watu wasiopungua 10, pamoja na katiba, kumbukumbu za kikao na orodha ya wanachama. Itadai akaunti ya benki yenye watia saini watatu. Itadai andiko la mradi, kisha ripoti kila baada ya miezi mitatu, na risiti kwa kila shilingi. Matatu haitoi risiti. Mama wa mandazi hatoi risiti. Kwa hiyo zile 3,000 za nauli, ambazo ndizo hitaji halisi, ndizo ngumu kuliko zote kuzitolea hesabu, na kikundi hujikuta kikinunua fulana na mabango kwa sababu duka la fulana lina risiti.

Kazi ya karatasi nayo ina mtu anayeifanya. Mara nyingi ni katibu, naye ni mgonjwa mwenzao anayejaribu kulala mapema kama daktari alivyomwambia. Nikihesabu siku mbili za kazi kwa kila ripoti na tano za kuandika andiko, hizo ni siku 13 kwa mwaka ambazo hakuna anayezilipa. Weka ujira wa siku wa mtaani kwako, uone kiasi gani cha ile laki kimeshaliwa.

Gharama ya mwisho haina bei: karatasi ya mahudhurio. Wafadhili wengi hutaka jina kamili, namba ya kitambulisho, namba ya simu na saini ya kila aliyehudhuria. Katika mafunzo ya ufugaji nyuki hilo halina neno. Katika kikundi cha afya ya akili, karatasi hiyo yenyewe ni taarifa ya ugonjwa wa mtu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Tena kulikuwa na hatari kubwa zaidi ya aibu: kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Kenya hadi Mahakama Kuu ilipobatilisha kifungu cha 226 Januari 2025. Mtu aliyesimulia usiku wake mbaya kuliko wote kikaoni, kisha akatia saini na namba ya kitambulisho, alikuwa amekabidhi maisha yake kwa kabati la faili asilolijua.

Sharti hilohilo la kujitaja lipo kwenye fedha za Kenya kwa watu wenye ulemavu kupitia baraza lao la taifa. Hapo mjumbe husajiliwa baada ya kupimwa hospitali ya serikali. Kwa aliye tayari kutambuliwa rasmi, usajili huo una manufaa mengine pia, na ninamshauri aende. Ila uamuzi huo ni wa mtu mmoja mmoja, na kikundi kisimsukume yeyote ili idadi ya kwenye fomu itimie.

Kati ya kujitegemea na kupokea moja kwa moja kuna njia ambayo vikundi vichanga huisahau: kupokelewa na shirika kubwa lililokwisha kusajiliwa. Shirika hupokea pesa kwa niaba ya kikundi, hubeba benki, ukaguzi wa hesabu na ripoti, na hukata sehemu yake, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 15. Kwa laki moja, asilimia 10 ni 10,000. Linganisha na siku 13 za katibu. Zaidi ya hayo, shirika linaweza kumpelekea mfadhili idadi na namba za siri badala ya majina. Kwa kikundi kisichofika miaka miwili, hili ndilo chaguo ninaloliona bora, mradi makubaliano yaandikwe: makato ni kiasi gani, pesa zitafika baada ya siku ngapi, na kikundi kinaweza kuondoka vipi.

Kwa hiyo ningegawa hivi. Chai, chumba na simu zilipwe na michango ya wanakikundi, ili vikao viendelee hata pesa za nje zikikatika. Mashirika mengi yaliona Januari 2025, misaada ya Marekani iliposimamishwa, jinsi pesa hizo zinavyoweza kukauka bila ya onyo. Ruzuku iende kwenye mfuko wa nauli na mambo ya mara moja: mafunzo ya waongozaji, viti, simu ya kikundi. Nauli itolewe kimya kimya kwa anayehitaji, na mweka hazina peke yake ajue ni nani. Ikilipwa kwa wote, wapo watakaokuja kwa ajili yake, na itakapokwisha wataondoka pamoja nayo.

Anayedai ada ili akuchakatie ombi la ruzuku ni tapeli. Mfadhili wa kweli hamlipishi mwombaji. Na kabla ya kutia saini, muulize ofisa wa mfadhili maswali matatu: je, mnakubali daftari la nauli lenye saini ya mweka hazina badala ya risiti? Je, mnakubali idadi bila majina? Orodha mliyonayo inafutwa lini? Wapo wanaokubali yote wakiulizwa kabla ya mkataba. Baada ya mkataba, ofisa huyohuyo atakuonyesha kifungu ulichokwisha kukitia saini.