Je, Wajua? Akili Ina Jukwaa Moja Tu

Uko harusini. Muziki unarindima, sahani zinagongana, na soga za meza ya jirani huzisikilizi. Ghafla mtu wa meza ile anataja jina lako. Masikio yanakusimama! Nani alikuwa akisikiliza muda wote huo?

• Mwaka 1988, mwanasaikolojia Bernard Baars alifananisha akili na ukumbi wa maigizo. Gizani wamo watendaji wengi: huyu anatambua sura, yule sauti, mwingine anashika mizani ya mwili. Kinachopanda jukwaani na kumulikwa taa hutangazwa kwa wote. Hicho ndicho tunachokifahamu.

• Wazo hilo lilichotwa kwenye kompyuta. Miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, kilitengeneza Hearsay-II, programu ya kutambua maneno yanayosemwa. Ndani yake vijiprogramu viliandika makisio yao kwenye “ubao” mmoja, na kila kimoja kikasoma ya wenzake.

• Baadaye Stan Franklin wa Chuo Kikuu cha Memphis na wenzake waliigeuza nadharia ya Baars kuwa programu, IDA, kwa ajili ya Jeshi la Majini la Marekani. Ilisoma baruapepe za mabaharia na kujadiliana nao kuhusu kituo kipya cha kazi.

• Lakini kutangaza habari ndani ya mashine ni jambo moja; kuonja utamu wa embe bivu ni jingine. Hapo ndipo wanafalsafa na wataalamu wa kompyuta wanapovutana hadi leo.