Bampa Zilizopauka: Soko Linalouza Mng'ao Wakati Mteja Anahitaji Muda

Mnunuzi wa gari lililotumika hukagua injini, gia, rangi ya bodi na kilomita. Plastiki nyeusi zisizopakwa rangi hazimshughulishi: kingo za juu ya matairi, fremu za vioo vya pembeni, plastiki ya chini ya waipa na, kwa magari ya kazi kama Toyota Probox, mara nyingi bampa nzima. Siku anapotaka kuliuza gari hilo ndipo plastiki hizo zinapomgharimu. Zimegeuka kijivu, na dalali anazitaja kwanza anapovuta bei chini. Kutokana na hasara hiyo imekua biashara inayowalisha waosha magari, wapiga rangi na wauza vipuri katika kila mji wetu mkubwa.

Soko hili lina wateja wa kudumu kwa sababu magari yetu huingia yakiwa yameshazeeka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Gari la namna hiyo linatarajiwa kufanya kazi miaka mingine mingi chini ya jua la ikweta. Wenye magari wa nyanda za juu nao wasijidanganye na baridi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na Nairobi iko juu ya mita 1,600.

Miale hiyo ndiyo inayoharibu. Plastiki nyingi za aina hii ni polipropilini, ambayo kiwandani huchanganywa na masizi laini na kemikali za kuzuia jua. Kinga hiyo ikiisha, miale na hewa hukata minyororo ya plastiki juu juu, na uso hujaa nyufa ndogo zisizoonekana kwa jicho. Nyufa hizo hutawanya mwanga, nasi tunaona kijivu. Ndiyo maana bampa iliyopauka huonekana nyeusi tena ikilowa: maji yamejaza nyufa. Yakikauka, kijivu kinarudi.

Mtu akilielewa hilo, analielewa soko zima. Huduma ya bei ya chini kabisa ni ile ya sehemu za kuoshea magari, ambako kijana hupaka mafuta ya silikoni yaleyale yanayong'arisha matairi. Mafuta hufanya kazi ya maji, ila hukawia kidogo kuondoka. Mvua chache na vumbi huyamaliza. Wapo wanaopaka dizeli au oili chafu, na huo ni uharibifu mtupu, kwa kuwa hunasa vumbi na kulainisha mipira ya milango na madirisha. Ngazi ya pili ni koti linaloganda, likiwemo lile la seramiki, ambalo hushikamana na plastiki na likipakwa vizuri hudumu miezi mingi. Ngazi ya tatu ni kupiga rangi, kazi inayotaka praima maalumu ya plastiki, la sivyo rangi hubanduka kama ganda la kitunguu. Mwisho kabisa ni kununua bampa nyingine.

Wengine hutumia bomba la hewa ya moto kurudisha weusi. Matokeo huonekana papo hapo, lakini hayadumu, na polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi joto kama 160. Mkono ukikaa mahali pamoja, bampa imepinda.

Kazi ya ngazi ya pili inawezekana nyumbani. Osha plastiki kwa sabuni ya gari na brashi laini mpaka povu litoke safi, kisha acha ikauke kabisa hadi kwenye mapengo. Futa kwa spiriti ili kuondoa mabaki ya nta na silikoni, kwa kuwa koti halishiki juu ya mafuta. Ziba rangi ya bodi kwa tepu ya karatasi. Fanya kazi kivulini, plastiki ikiwa imepoa. Paka koti jembamba kwa sponji, futa ziada kabla haijakauka, na usililoweshe gari kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Sehemu kubwa ya kazi ni kusafisha, na hapo ndipo watoa huduma wenye haraka hukosea.

Sasa tupige hesabu. Tuseme mafuta ya silikoni yanadumu wiki mbili. Mwenye gari anayetaka bampa nyeusi mwaka mzima atalipia mara 26. Koti likidumu mwaka mmoja, linaweza kuuzwa mara kumi ya bei ya mafuta na bado mteja akabaki na akiba, huku kijana aliyelipaka akiwa amepata kipato cha maana kwa saa chache za kazi makini. Mafuta yana gharama nyingine iliyojificha: gari likipelekwa kupigwa rangi, mabaki ya silikoni huisukuma rangi mpya na kuacha vishimo, na fundi hulazimika kurudia.

Kinachozuia hesabu hiyo isifanye kazi ni ukosefu wa imani. Mafuta na koti huonekana sawa siku ya kwanza, hivyo mteja asiye na njia ya kupima huchagua bei ndogo. Vyuo vya ufundi vinavyofundisha upigaji rangi viongeze somo la kutunza plastiki, na wakaguzi wa viwango wadai kila chupa ieleze kilichomo na namna ya kukitumia. Mwenye sehemu ya kuoshea magari hana haja ya kuwasubiri. Aandike kwenye risiti jina la dawa, tarehe na miezi anayoahidi, kisha arudie kazi bure plastiki ikipauka kabla ya muda huo. Anayeogopa kuandika hivyo anajua anachouza, na mteja ana haki ya kwenda kwa jirani yake.