Kliniki ya Wajawazito, Mjini na Kijijini (2): Mahudhurio Yanayokatika Kariakoo

Wiki iliyopita tulimwangalia mjamzito wa kijijini anayekwenda kwa miguu hadi zahanati ya mbali. Wa Kariakoo hana safari hiyo. Akitoka Mtaa wa Kongo anatembea tu hadi Hospitali ya Mnazi Mmoja. Hospitali ya Amana ni daladala moja, na mimba yenye matatizo makubwa hupewa rufaa kwenda Muhimbili.

Takwimu nazo zinampendelea wa mjini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa wanawake 64 kati ya 100 mjini walihudhuria kliniki mara nne au zaidi. Vijijini walikuwa 45. Kufikia 2022, wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 65. Lakini tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio manane, la kwanza ndani ya wiki 12, na hata mjini wapo wengi wanaoanza mimba ikiwa na miezi minne au mitano.

Aliye jirani na kituo anachelewa kwa lipi? Mama lishe hana likizo: akikaa kwenye foleni hadi saa sita, wateja wa mchana wamekwisha kula kwingine. Halafu hudhurio la kwanza mama hutakiwa kuja na mwenza wake, wapimwe wote virusi vya Ukimwi. Mwenza akiwa safarini, au ameikana mimba, vipo vituo vinavyomtaka mama apitie kwanza serikali ya mtaa kuchukua barua. Nia ni kuwavuta akina baba, ila wapo akina mama wanaoahirisha kwa kuikwepa barua hiyo.

Kuahirisha kunaumiza kwa sababu vipimo vya kliniki husomwa kwa mfululizo. Presha ya 130 kwa 85 peke yake haishtui. Kadi ikionyesha kuwa mwezi uliopita ilikuwa 100 kwa 60, muuguzi atapima protini kwenye mkojo na kumpangia mama tarehe ya karibu, akihofia kifafa cha mimba. Dawa ya SP ya kukinga malaria nayo hutolewa angalau mara tatu, kwa kupishana mwezi.

Tena wapo wanaohama. Mimba ya kwanza, wengi hurudi kujifungulia kwa mama zao, Rufiji, Tanga au Singida. Mkunga wa huko hana jalada la Dar es Salaam. Anachokisoma ni kadi aliyokuja nayo mzazi, pamoja na nafasi zake zilizo wazi. Hali ikibadilika usiku, ipo namba 115 ya m-mama, mfumo uliozinduliwa kitaifa 2022, unaotuma gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa, bila malipo.

Wiki ijayo: nyumba za kusubiria kujifungua.