Kutoka Uani hadi Bungeni: Ushiriki wa Wanawake katika Ujenzi wa Amani na Utawala nchini Rwanda baada ya 1994

Ikisiri

Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza duniani ambamo wanawake walipata zaidi ya nusu ya viti vya bunge. Tangu uchaguzi wa 2008, takwimu hiyo imenukuliwa mara nyingi bila kuelezwa ilivyopatikana wala ilichobadilisha. Makala hii inafafanua njia iliyofikisha wanawake wa Rwanda katika vyombo vya maamuzi kwa kuangalia maeneo manne: vyama vya wajane na mashirika ya wanawake, ushahidi na uamuzi katika mahakama, Katiba ya 2003, na sheria za urithi na ardhi. Inabainishwa kwamba ushiriki huo ulianza katika ngazi ya ujirani kabla ya kuwekewa asilimia katika Katiba, na kwamba kipimo chake cha haki si idadi ya viti pekee, bali ni kiasi ambacho haki iliyotungwa Kigali inamfikia mwanamke aliyeko shambani.

1.0 Utangulizi

Jengo la Bunge la Rwanda, lililoko Kimihurura jijini Kigali, bado lina alama za risasi na makombora ya mwaka 1994 katika kuta zake. Alama hizo zimeachwa makusudi ziwe kumbukumbu. Ndani ya kuta hizohizo hukutana leo Baraza la Wawakilishi ambalo wajumbe wake 51 kati ya 80, kwa mujibu wa uchaguzi wa Julai 2024, ni wanawake.

Umbali kati ya mambo hayo mawili ni mkubwa. Ipo methali ya Kinyarwanda isemayo *Uruvuze umugore ruvuga umuhoro*, yaani katika nyumba anayosemea mwanamke, panga ndilo husema. Methali hiyo ilitumika kumnyamazisha mwanamke kwa hoja kwamba sauti yake huleta maafa. Historia imeikanusha kwa namna ya kutisha: mwaka 1994 panga lilisema katika nchi ambayo maamuzi yake yalikuwa karibu yote mikononi mwa wanaume. Kabla ya mwaka huo, wanawake hawakupata kufikia hata moja ya tano ya wabunge. Swali linaloongoza makala hii ni jinsi jamii iliyoishi na methali ya aina hiyo ilivyofikia hali ya sasa, na ni nini ambacho hali hiyo imeleta.

2.0 Uani: Kazi Iliyotangulia Sheria

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza tarehe 7 Aprili 1994 na kudumu kwa takribani siku 100. Kwa hesabu ya serikali ya Rwanda, waliouawa ni zaidi ya watu milioni 1. Miongoni mwa waliouawa siku ya kwanza alikuwa Agathe Uwilingiyimana, mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu wa nchi hiyo. Taarifa ya mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 1996 ilikadiria kwamba wanawake kati ya 250,000 na 500,000 walibakwa.

Waliosalia walikuta nchi isiyo na mahakama, isiyo na akiba, na yenye yatima wengi. Wanaume wengi walikuwa wameuawa, wengine wamekimbilia ng'ambo ya mpaka, na katika miaka iliyofuata zaidi ya watuhumiwa 100,000 walijaa magerezani. Wanawake walijikuta wakiongoza kaya, wakijenga nyumba na kulea watoto wasiowazaa. Kazi ya kujenga paa, ambayo kimila haikuwa ya mwanamke, ilifanywa na wanawake kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuifanya.

Katika mazingira hayo ndipo vyama vya ujirani vilipochipuka. Mnamo Januari 1995, wajane 50 waliunda AVEGA Agahozo, chama cha wajane wa mauaji ya kimbari. Neno *agahozo* linatokana na dhana ya kufuta machozi na kuliwaza. Chama hicho kilianza kwa wajane kukutana na kuliliana, kisha kikaendelea kutoa matibabu, ushauri nasaha, makazi na msaada wa kisheria. Kwa upande mwingine, Pro-Femmes Twese Hamwe, mwamvuli wa mashirika ya wanawake ulioanzishwa mwaka 1992, uliratibu kampeni ya amani iliyotunukiwa tuzo na UNESCO mwaka 1996.

Katika baadhi ya vyama vidogo vya vijijini, wajane wa waliouawa walilima pamoja na wake wa wafungwa waliotuhumiwa kuua. Ukaribu huo haukutokana na msamaha mwepesi. Ulitokana kwanza na mahitaji: shamba lilihitaji mikono, na mikono iliyokuwapo ilikuwa ya wanawake wa pande zote mbili. Mazungumzo yalifuata baadaye.

Serikali ya mpito iliipa kazi hiyo muundo. Aloisea Inyumba, waziri wa kwanza wa masuala ya wanawake na familia baada ya mauaji ya kimbari, alisimamia juhudi za kuwapatia yatima familia za kuwalea bila kujali asili zao. Baadaye aliongoza Tume ya Taifa ya Umoja na Maridhiano. Kuanzia 1996 yaliundwa mabaraza ya wanawake kutoka ngazi ya chini ya utawala hadi taifa. Hivyo, mwanamke aliyezoea kusema katika chama cha wajane alipata jukwaa la pili, na hilo likawa shule ya uongozi.

3.0 Mahakamani: Wanawake kama Mashahidi na Waamuzi

Mchango wa wanawake wa Rwanda katika sheria ya kimataifa ulipatikana Arusha, Tanzania, ilikokaa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda. Kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ndogo ya Taba, ilianza bila shitaka lolote la ubakaji. Mashahidi wanawake walipoeleza mahakamani mambo waliyotendewa, hati ya mashitaka ilirekebishwa mnamo Juni 1997. Navanethem Pillay, jaji pekee mwanamke katika jopo hilo, alikuwa miongoni mwa waliowauliza mashahidi hao maswali. Hukumu ya tarehe 2 Septemba 1998 iliamua kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Kanuni hiyo, inayorejelewa leo na mahakama za kimataifa, chimbuko lake ni ujasiri wa wanawake wa vijijini waliosema jambo ambalo hati ya mashitaka ilikuwa imelinyamazia.

Ndani ya nchi, mzigo wa kesi ulibebwa na mahakama za gacaca. Gacaca ya kimila ilikuwa baraza la wazee wanaume kutatua migogoro ya ujirani. Mwanamke hakukaa humo kama mwamuzi. Sheria ya 2001 iliibadilisha taasisi hiyo. Waamuzi, walioitwa *inyangamugayo*, yaani watu waadilifu, walichaguliwa na wananchi, na takribani theluthi moja yao walikuwa wanawake. Uendeshaji wa mfumo mzima kitaifa uliongozwa na Domitilla Mukantaganzwa, ambaye mnamo Desemba 2024 aliteuliwa kuwa Rais wa Mahakama ya Juu. Hadi zilipofungwa rasmi mnamo Juni 2012, mahakama hizo zilikuwa zimeshughulikia zaidi ya kesi milioni 1.9.

Hata hivyo, ushiriki huo ulikuwa na gharama. Hapo awali kesi za ubakaji zilitengwa kwa ajili ya mahakama za kawaida. Marekebisho ya 2008 yalizipeleka gacaca, zisikilizwe faraghani. Faragha hiyo ililenga kumlinda shahidi, lakini katika kijiji ambamo kila mtu anamjua mwenzake, kuonekana tu ukiingia katika kikao cha faragha kulitosha kufichua kilichokupata. Waliosema walipata kutambuliwa na sheria; baadhi yao walilipa kwa aibu na kutengwa.

Ni muhimu pia kujihadhari na dhana kwamba mwanamke ni mpenda amani kwa maumbile. Pauline Nyiramasuhuko, waziri wa familia na maendeleo ya wanawake wakati wa mauaji ya kimbari, alitiwa hatiani Arusha tarehe 24 Juni 2011 kwa makosa yaliyojumuisha mauaji ya kimbari na ubakaji kama uhalifu dhidi ya ubinadamu. Alihukumiwa kifungo cha maisha, kilichopunguzwa kuwa miaka 47 katika rufaa mwaka 2015. Kwa hiyo, hoja ya kuwashirikisha wanawake haiwezi kujengwa juu ya upole wao. Msingi wake thabiti ni haki: anayebeba matokeo ya maamuzi anastahili kuwapo yanapofanywa.

4.0 Katiba: Kutoka Mazoea hadi Kanuni

Tume iliyoandaa Katiba ilikuwa na wajumbe 12, watatu kati yao wakiwa wanawake, akiwamo Judith Kanakuze kutoka asasi za kiraia. Mashirika ya wanawake, wizara husika na Jukwaa la Wabunge Wanawake lililoundwa mwaka 1996 yalikusanya maoni kutoka mashinani na kuyawasilisha kwa tume. Katiba ilipitishwa kwa kura ya maoni ya tarehe 26 Mei 2003. Iliagiza kwamba wanawake wawe angalau asilimia 30 katika vyombo vya maamuzi, na ilitenga viti 24 kati ya 80 vya Baraza la Wawakilishi kwa wanawake wanaochaguliwa na majopo maalumu ya uchaguzi. Viti 53 hupatikana kwa orodha za vyama, viwili ni vya vijana na kimoja ni cha watu wenye ulemavu.

Matokeo ya chaguzi tano yanaonyesha mwelekeo ufuatao:

2003: wanawake 39, wakiwamo 15 nje ya viti 24 vilivyotengwa
2008: wanawake 45, wakiwamo 21 nje ya viti hivyo
2013: wanawake 51, wakiwamo 27 nje ya viti hivyo
2018: wanawake 49, wakiwamo 25 nje ya viti hivyo
2024: wanawake 51, wakiwamo 27 nje ya viti hivyo

Takwimu hizi zinaonyesha kwamba viti vilivyotengwa havikugeuka kuwa dari. Katika nchi nyingi, viti maalumu huwapa viongozi wa vyama kisingizio cha kutowaweka wanawake katika nafasi nyingine. Rwanda, idadi ya wanawake nje ya viti hivyo iliongezeka kutoka 15 hadi 27 katika kipindi cha miaka 10. Tangu Rose Mukantabana achaguliwe kuwa Spika mwaka 2008, Baraza hilo limeongozwa na wanawake mfululizo.

5.0 Urithi na Ardhi: Kipimo cha Uwakilishi

Baada ya 1994, swali lililowakabili wajane na mabinti yatima lilikuwa la ardhi. Kimila, ardhi ilipita kwa wana wa kiume. Mjane alibaki shambani kwa hisani ya shemeji zake, na binti aliyepoteza wazazi na kaka zake wote hakuwa na dai lililo wazi. Wabunge wanawake na mashirika yao walilipeleka suala hilo bungeni, na Sheria Na. 22/99 ya Novemba 1999 iliwapa watoto wa kike na wa kiume haki sawa za kurithi. Inafaa kuzingatiwa kwamba sheria hiyo ilitungwa miaka minne kabla ya Katiba na tisa kabla ya wanawake kuwa wengi bungeni.

Upimaji na usajili wa ardhi ya nchi nzima, uliofanyika kati ya 2009 na 2013, uliifanya haki hiyo ionekane kwa maandishi. Vipande zaidi ya milioni 10 viliandikishwa, na jina la mke likaingizwa katika hati pamoja na la mume. Lakini hapo ndipo ufa ulipojitokeza. Sheria iliwalinda wake waliofunga ndoa ya kiserikali. Wanawake walioishi na wenzi wao kwa ndoa ya kimila au bila kuandikishwa, na hao ni wengi vijijini, walibaki wakitegemea hiari ya mwanamume. Sheria mpya ya 2016 iliboresha masharti ya urithi, lakini ndoa isiyoandikishwa imeendelea kuwa mlango ambao haki humponyoka mwanamke.

6.0 Mipaka ya Idadi

Wingi wa wanawake bungeni umezaa sheria muhimu. Sheria ya kuzuia na kuadhibu ukatili wa kijinsia ya 2008 ilianzishwa na wabunge wenyewe. Waliozunguka wilayani kusikiliza wananchi walihakikisha muswada unawasilishwa na wanawake na wanaume kwa pamoja, ili usionekane kuwa wa upande mmoja. Mwaka 2009 kilifunguliwa kituo cha Isange katika hospitali ya polisi ya Kacyiru, Kigali, ambapo mwathirika hupata daktari, mshauri na mpelelezi mahali pamoja.

Mwaka huohuo wa 2009, hata hivyo, Bunge lenye wanawake wengi lilipitisha sheria ya kazi iliyopunguza likizo ya uzazi yenye mshahara kamili kutoka wiki 12 hadi 6. Ilibidi kusubiri sheria ya bima ya uzazi ya 2016 ili wiki 12 zirudishwe. Mfano huu unafundisha kwamba mbunge huwajibika kwa aliyemweka. Chini ya mfumo wa orodha, chama ndicho hupanga majina, na katika siasa zinazotawaliwa na chama kimoja chenye nguvu, nafasi ya kupinga msimamo wa serikali ni finyu kwa wanawake kama ilivyo kwa wanaume. Watafiti kadhaa wa siasa za Rwanda wametoa hoja hiyo, na haiwezi kupuuzwa.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba viti vya Kimihurura ni matokeo ya kazi iliyoanzia uani, ikapitia mahakamani na katika mapambano ya urithi, ndipo ikaandikwa katika Katiba. Mpangilio huo una funzo kwa ukanda wa Afrika Mashariki. Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza jinsia moja kuzidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa, lakini Bunge la Taifa halijalitimiza sharti hilo. Tanzania ina viti maalumu vya muda mrefu, lakini majimboni wanawake bado ni wachache. Asilimia katika Katiba huhitaji utaratibu wa kuitekeleza, pamoja na vyama vya mashinani vinavyoidai.

Kwa upande wa Rwanda, kazi iliyobaki ni kuifikisha haki mahali sheria haijafika: kwa mwanamke asiye na cheti cha ndoa, na kwa shahidi aliyesema kisha akaachwa na jeraha lake. Amani iliyojengwa na wajane itakuwa imekamilika pale ambapo binti zao hawatahitaji kufiwa ndipo wasikilizwe.