Treni, Tarumbeta na Timu ya Mtaani

Katika makumbusho ya reli jijini Nairobi limesimama garimoshi namba 5918, jina lake Mount Gelai, mlima ulioko kaskazini mwa Tanzania. Ni moja kati ya magarimoshi 34 ya daraja la 59 yaliyoingia kazini kwenye Reli za Afrika Mashariki katikati ya miaka ya 1950 ili yavute mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Kila moja lilikuwa na uzito unaozidi tani 250. Kwenye reli zenye upana wa mita moja, duniani kote hapakuwa na garimoshi la mvuke lililoyashinda nguvu. Yalitengenezwa na kiwanda cha Beyer Peacock huko Gorton, mashariki mwa jiji la Manchester, Uingereza.

Gorton si mahali ambapo mtalii angepoteza siku yake. Lakini tazama historia yake. Kiwanda hicho cha magarimoshi kilianzishwa mwaka 1854. Mwaka mmoja kabla, hapo hapo jirani, katika bustani za starehe za Belle Vue, yalianza mashindano ya bendi za matarumbeta ambayo hayajafa mpaka leo. Mwaka 1880 waumini wa kanisa la St Mark's, West Gorton, wakaanzisha timu ya mpira. Tangu 1894 timu hiyo inaitwa Manchester City. Na kilomita chache kutoka hapo, mafundi wa mabehewa wa kampuni ya Lancashire and Yorkshire Railway walikuwa na timu yao, Newton Heath, tangu mwaka 1878. Ilipofika 1902 ikapewa jina jipya: Manchester United. Shabiki wa Kariakoo au Kongowea anayevaa jezi nyekundu kila mwisho wa wiki anaishangilia, pengine bila habari, timu ya karakana ya reli.

Kwa hiyo ukikutana kaskazini mwa Uingereza na mstaafu ambaye jioni moja anajenga treni za mfano, jioni mbili anapuliza tarumbeta, na Jumamosi anakata tiketi kwenye lango la timu ya mtaani kwao, usimwone kuwa ni mtu wa kudandia kila kitu. Mambo hayo matatu ni ndugu wa tumbo moja. Yalizaliwa na miji ileile ya viwanda, yakalelewa na mishahara ileile, na yote yalingoja kitu kimoja: Jumamosi mchana.

Hadi katikati ya karne ya 19, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo hakuwa na mchana wa Jumamosi wa kuuita wake. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1850 iliamuru wanawake na vijana waachiwe saa 8 mchana siku hiyo, na kwa kuwa mitambo haikuweza kwenda bila wao, wanaume nao wakatoka. Mtu akafika nyumbani, akanawa, akala, na bado jua lipo. Mechi za Uingereza zikazoea kuanza saa 9 alasiri. Hata leo, televisheni ikiwa imezitawanya mechi za ligi kubwa kwenye siku na saa za kila namna, timu ndogo nyingi zinaishika saa hiyo.

Bendi nazo zilisaidiwa na ufundi mpya. Tarumbeta la zamani lilikuwa bomba tupu lenye noti chache. Katika miaka ya 1840 Adolphe Sax, Mbelgiji aliyekuwa na karakana yake Paris, alitengeneza jamii nzima ya vyombo vya shaba vyenye vali za kubonyeza kwa vidole, na familia ya wanamuziki ya Distin ikavieneza Uingereza. Mkono uliochubuliwa na mtambo wa kufumia au sululu ya mgodini haukuhitaji wepesi wa mpiga fidla. Vali tatu na pumzi ya kutosha vilimtosha mtu.

Kilichofuata kilikuwa uamuzi wa busara sana. Bendi hizi ziliandika noti za karibu vyombo vyote kwa ufunguo mmoja, kuanzia koneti ndogo mpaka tuba kubwa. Vidole vinabaki vilevile. Mpiga tuba akiugua, wa koneti anaweza kuhamia kiti chake bila kujifunza upya, ingawa midomo yake italalamika. Bendi kamili ina wapulizaji 25, kumi kati yao wakiwa wa koneti, pamoja na wapiga ngoma. Mara nyingi vyombo ni mali ya bendi, si ya mpigaji, na mtoto anayetaka kujifunza huazimwa.

Na bendi hizi zinashindana, tena kwa wivu wa watani wa jadi. Bendi za Uingereza zimepangwa katika madaraja matano, zinapanda na kushuka kama timu za ligi. Katika mashindano makubwa, bendi zote za daraja moja hupiga utungo mmoja, na majaji hufungiwa ndani ya kibanda ili wasione ni nani anayepiga. Watunzi wakubwa hawakuona haya kuziandikia: Gustav Holst aliandika utungo wa fainali ya kitaifa ya mwaka 1928, na Edward Elgar ule wa 1930.

Msomaji wa pwani yetu hatashangaa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ngoma ya beni ilitoka pwani ya Kenya ikasambaa bara. Mombasa ilikuwa na vikundi vya Kingi na Scotchi. Tanganyika ikawa na Arinoti na Marini. Walishindana kwa sare, gwaride, vyeo na kelele za shaba, na mtu alijua upande wake kama anavyojua leo kama ni wa Simba au Yanga.

Anayetaka kuona mambo haya yamekusanyika pamoja apande treni kutoka Huddersfield kwenda Manchester, Ijumaa ya kwanza baada ya Pentekoste. Timu ya Huddersfield ndiyo ya kwanza kuchukua ubingwa wa Uingereza mara tatu mfululizo, kuanzia 1924 hadi 1926. Jirani yake ni Brighouse and Rastrick, bendi ambayo mwaka 1977 ilifika nafasi ya pili kwenye chati za muziki wa pop za nchi nzima kwa wimbo mmoja. Baada ya Marsden, treni inaingia kwenye handaki la Standedge, karibu kilomita tano chini ya milima ya Pennine. Inapotoka upande wa pili, imefika Saddleworth.

Jioni hiyo vijiji vya Delph, Dobcross, Uppermill na wenzao hufunga barabara. Mabasi ya bendi yanapishana kwa shida kwenye njia nyembamba za mawe. Bendi inashuka, inaandamana ikipuliza, inasimama mahali palipowekwa alama na kupiga wimbo wa shindano, huku jaji amejificha ndani ya karavani lenye mapazia au kwenye chumba cha ghorofani. Ikimaliza, inakimbilia basi kuwahi kijiji kinachofuata, na hivyo hivyo mpaka usiku. Wenyeji wanakaa kwenye viti vyao kando ya njia, bia mkononi. Hapo pana kichekesho kidogo: shindano la kwanza la Belle Vue, mwaka 1853, lilichukuliwa na bendi ya Mossley, mji wa njia hiyohiyo, nayo ilikuwa bendi ya watu walioapa kutogusa pombe.

Si kila kitu ni sherehe. Oktoba 1992 serikali ilitangaza kufunga migodi 31 ya makaa ya mawe, ukiwemo wa Grimethorpe huko Yorkshire. Siku chache baadaye bendi ya mgodi huo ilipanda jukwaani London na kutwaa ubingwa wa taifa. Mgodi ulifungwa mwaka uliofuata. Kisa hicho ndicho mbegu ya filamu ya Brassed Off ya mwaka 1996, na muziki wake ulipigwa na bendi yenyewe ya Grimethorpe, ambayo ingali hai.

Treni za mfano zilichelewa kuenea. Frank Hornby wa Liverpool, ambaye tayari alikuwa tajiri kwa vyuma vya kuungaunga vya watoto vilivyoitwa Meccano, alianza kuuza treni za kutiwa ufunguo mwaka 1920. Baadaye ukaja umeme: volti 12 zinapita kwenye reli zenyewe, magurudumu yanazichukua, mota inazunguka. Ukiongeza volti treni inakimbia, ukigeuza waya inarudi nyuma. Siku hizi kila injini inaweza kubeba kifaa kidogo cha kupokea amri yake peke yake, hivyo treni kadhaa zinaendeshwa kwenye njia moja bila kugombana. Adui mkubwa ni vumbi. Reli isiyofutwa haipitishi umeme, na treni husimama katikati ya daraja mbele ya wageni.

Hobi hii ina dosari moja ya ajabu inayopendwa sana nchini humo. Kipimo cha kawaida cha Uingereza hupunguza garimoshi mara 76, lakini reli zake zina upana wa milimita 16.5, ambao ni wa kipimo cha bara la Ulaya cha mara 87. Sababu ni kwamba magarimoshi ya Uingereza ni membamba, na mota za zamani hazikuingia ndani ya umbo la mara 87. Piga hesabu: 16.5 mara 76 ni kama mita 1.25, ilhali reli halisi ina mita 1.435. Wengi wameizoea kasoro hiyo. Wachache wasiolala kwa ajili yake huchonga njia zao za milimita 18.83. Na anayetaka kuijenga njia ya zamani ya Mombasa, ya upana wa mita moja, kwa kipimo cha mara 87, reli za milimita 12 zitamfaa: hesabu inatoa mita moja na sentimita nne.

Watu humchora mjenzi wa treni kama mpweke wa darini. Picha hiyo haimtendei haki. Chama cha London kipo tangu 1910, na njia kubwa hujengwa kwa mikono mingi: huyu wa kulehemu nyaya, yule wa nyumba na miti, mwingine wa kuchimbua picha za zamani ili rangi ya behewa la 1937 isikosewe. Lakini wapo wanaojivunia kufanya karibu yote peke yao: mwimbaji Rod Stewart, shabiki wa Celtic ya Glasgow, alipouonyesha mji wake wa mfano mwaka 2019 baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kuujenga, hakuvumilia kusikia kwamba amejengewa. Alipiga simu redioni kusema asilimia 90 ni kazi ya mikono yake. Alipokuwa ziarani alikodi chumba cha ziada hotelini kwa ajili ya gundi na rangi.

Shida inayobaki kwa mpenzi wa vyote vitatu ni kalenda. Machi bendi zinapambana kimkoa kuwania kupanda daraja, wakati ligi nazo zinaelekea ukingoni. Agosti Kombe la FA linaanza upya na timu za vijijini, miezi mitano kabla vigogo hawajaingia. Oktoba ni fainali ya bendi za daraja la juu katika ukumbi wa Royal Albert Hall. Maonyesho ya treni yanapendelea majira ya baridi, Jumamosi na Jumapili, na njia ya mfano inayosafirishwa kwa gari la kukodi inataka watu wa kuibeba. Mpuliza tarumbeta ambaye pia ndiye mtunza tiketi wa timu na fundi wa taa za chama cha treni hutafuta mtu wa kumshikia lango mapema, kabla ya ratiba kutoka.