Adhana, Mizani na Haraka: Dini Inatusaidia Vipi Kazini?

Kila inapozuka habari ya ulaji rushwa, barazani husikika swali lile lile: huyu si ndiye tunayeswali naye saffu moja? Wengine hujibu kwamba dini siku hizi imebaki kwenye kanzu na kofia. Wengine husema dawa ni kuongeza mawaidha. Mimi naona tuanze na swali ambalo wataalamu wamejaribu kulipima: imani humsaidia mtu kuwa mwadilifu kazini wakati gani, na humponyoka wakati gani?

Utafiti unaotugusa zaidi ulifanyika Morocco, katika maduka ya mji mkongwe wa Marrakesh, na ukachapishwa mwaka 2015. Mtafiti Erik Duhaime aliwapa wenye maduka hiari: wachukue pesa kidogo ziwe zao, au waziache ili kiasi kikubwa zaidi kiende kwenye sadaka. Wote ni wenye maduka wa mji mmoja. Walioulizwa wakati adhana inasikika walikuwa wakarimu zaidi kuliko walioulizwa nyakati nyingine, lakini athari hiyo haikudumu.

Mwaka mmoja kabla, Mark Aveyard wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Sharjah alichapisha jaribio alilowafanyia wanafunzi Waislamu. Aliwapa mtihani wa hesabu uliowaachia mwanya wa kuiba majibu. Waliosikilizishwa adhana kwanza waliiba kidogo kuliko wenzao. Katika jaribio jengine la utafiti huo huo, maneno ya dini yaliyochanganywa kwenye sentensi za mazoezi hayakubadilisha kitu.

Tafiti hizi mbili zinaonyesha kwamba kuwa na imani moyoni ni jambo moja, na imani hiyo kuwa hai saa ile mkono unapogusa pesa ni jambo jengine. Mashekhe wetu wamelifundisha hili tangu zamani kwa jina la muraqaba, yaani kujua kwamba Mwenyezi Mungu anakuona sasa hivi, hapo ulipo.

Na imani ikiwa hai, kuna kitu huizima haraka: haraka yenyewe. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson waliwachunguza wanafunzi 40 wa chuo cha kidini cha Kikristo huko Princeton, Marekani. Waliwatuma jengo la pili kwenda kutoa hotuba, na njiani wakamweka mtu aliyejikunyata kama mgonjwa. Baadhi ya wanafunzi walikuwa wakienda kuhutubia kisa cha Msamaria aliyemsaidia majeruhi njiani. Kwa wasiokuwa na haraka, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Kwa walioambiwa wamechelewa, ni asilimia 10 tu. Mada ya hotuba haikuleta tofauti ya maana.

Mfikirie muuguzi mwenye foleni hadi nje ya mlango, au karani aliyerundikiwa mafaili ya ardhi na bosi anamhimiza atie sahihi. Huenda si watu wabaya. Lakini tumewaweka mahali ambapo hata mwenye kuhubiri wema angempita mgonjwa.

Ndugu msomaji, haya yasichukuliwe kama wahyi. Utafiti mmoja wa mwaka 2008 ulidai kwamba kukumbushwa Amri Kumi kulipunguza udanganyifu. Mwaka 2018 maabara nyingi ziliurudia na hazikupata matokeo hayo. Mwengine wa mwaka 2012, uliosema kutia sahihi juu ya fomu kabla ya kuijaza huongeza ukweli, ulifutwa mwaka 2021 baada ya kugunduliwa kuwa sehemu ya takwimu zake zilibuniwa. Utafiti kuhusu uaminifu ukaangushwa na kukosa uaminifu! Udanganyifu huo nao uligunduliwa kwa sababu watafiti wengine walirudi kukagua hesabu.

Hapo ndipo penye funzo letu. Sura ya Sita ya Katiba ya 2010 inadai uadilifu kwa viongozi, nao huapa siku ya kwanza wakishika Msahafu au Biblia. Kiapo ni chema, lakini zabuni inakuja miezi mingi baadaye, mlango ukiwa umefungwa. Miji ya Kiislamu ya zamani haikutegemea kiapo peke yake. Iliweka muhtasib apite sokoni kukagua mizani, ilhali wauzaji walikuwa watu wa swala tano. Na Mtume (SAW) mwenyewe, katika hadithi mashuhuri, alitia mkono ndani ya lundo la chakula sokoni, akakuta chini kumelowa, akamkemea muuzaji aliyeficha.

Kwa hivyo mawaidha ya Ijumaa yaendelee, ila tusiyatwike mzigo wote. Penye pesa wakae watu wawili. Vitabu vya hesabu, vya afisi na vya msikiti pia, vifunguliwe kwa wenye haki ya kuviona. Mkuu wa kazi asimharakishe mtu kutia sahihi asichokisoma. Na wewe mwenye duka, adhana ya Alasiri ikikukuta umeshika mizani, itazame ile mizani kabla hujafunga duka kwenda kuswali. Mteja wako huenda hajui amepunjwa nusu kilo. Aliyekuita msikitini anajua.